Nduma za Daktari Nyamu

Jumatatu, 4 Machi 2019
Leo nilipaswa kumwona Daktari Nyamu, mlezi wangu hapa chuoni. Neno lenyewe fupi: Mama alikufa, nikakosa mtihani, naomba kuurudia. Mwisho wa ombi kutiwa sahihi yake ni Ijumaa. Nikasimama mlangoni mpaka karani, Ednah, akauliza kama nashikilia ukuta usianguke. Nikakimbia. Aibu! Lakini nimepata mbinu. Anayeingia na mzigo huulizwa habari. Nitabeba nduma.

Jumanne, 5 Machi
Nimeenda nyumbani Kianjokoma, nikang'oa nduma alizopanda Mama kando ya mto. Baba akauliza ni za nani. Za mwalimu. Akasema vizuri, Mama angefurahi. Nikazidi kuinama.

Jumatano, 6 Machi
Nimeingia! Daktari akazibonyezabonyeza, akauliza nauzaje. Akanishikisha noti, akanihutubia jinsi yeye alivyosoma bila viatu. Jina langu hakuuliza. Kisha Kithinji, ambaye mlezi wake ni huyohuyo, akaingia mikono mitupu, akasema tu alikuwa na malaria. Akatoka na sahihi. Eti, "Wewe Wanjira, si ungeongea tu?" Mjinga. Hajui mbinu. Shida ni mzigo ulikuwa mdogo. Jioni nimerudi nyumbani, nikang'oa zote zilizobaki.

Alhamisi, 7 Machi
Walimu wengine wawili wamenunua! Daktari akawaambia, huyu ndiye Mama Nduma wetu. Sokoni hilo lilikuwa jina la Mama. Machozi yakanitoka. Daktari akaniangalia sana. Nikajua sasa ataniuliza. Akauliza kama nimemenya nduma mbichi nikagusa macho, maana zinawasha. Nikasema ndiyo, zinawasha.

Ijumaa, 8 Machi
Nduma zimeisha. Nitaingiaje mikono mitupu? Nikasimama mlangoni. Jioni Daktari akafunga ofisi, akaniona, akachangamka: Mama Nduma, leo hakuna? Nikasema hakuna. Akasema pole sana. Pole! Ndilo neno nililolitaka wiki nzima. Nikalipokea hilohilo, nikaenda.

Jumamosi, 9 Machi
Mtihani nitaurudia mwakani, na wale watakaokuja nyuma yangu. Si kitu. Mbinu ilikuwa nzuri, nduma ndizo zilizokuwa chache. Nimeshinda mtoni nikipanda zingine, safu ndefu kushinda ya Mama. Zitakomaa mwakani. Hapo nitamwambia Daktari.