Mangi Katoa Malkia

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimefungwa tena. Mara tatu kabla ya saa nne asubuhi! Mzee Abdulhadi yuko kwake Upanga, kalazwa na goti lililopasuliwa, na bado ananichapa kwa simu kama vile amekaa mbele yangu. Miaka kumi na moja tumecheza sataranji kibarazani hapa Kariakoo, kati ya duka lake la udi na ubani na duka langu la ndoo na mabeseni. Miaka kumi na moja, na sijamfunga hata mara moja. Tumetoka suluhu mara mbili. Na mara moja kati ya hizo alikuwa na malaria.

Leo baada ya mchezo wa tatu kanitumia ujumbe wa sauti. Kasema, "Mangi, wewe mtu mwema, lakini hicho kichwa Mungu alikuumbia kuuzia ndoo." Anacheka huku anakohoa. Binti yake Hamdiya, anayemshikia duka tangu alazwe, lazima ameusikia, maana nilimwona anaziba mdomo kwa mtandio.

Nimeamua. Mwezi huu hauishi hivihivi.

Jumanne, 9 Septemba

Mapinduzi! Kumbe ipo programu ya kompyuta inayojua sataranji kuliko binadamu yeyote, na ni ya bure. Bure kabisa! Unaiwekea hatua ya mwenzako, inakuambia ujibu nini. Nimeiweka kwenye simu ya mke wangu Blandina, kwa sababu yangu ndiyo ninayochezea. Mzee akisogeza kete kule Upanga, nainama nyuma ya rundo la ndoo za lita ishirini, naangalia simu ya Blandina, napata jibu, nainuka.

Nimeshinda kwa hatua thelathini na moja. Nusura niwanunulie watu kahawa.

Je, ni wizi? Jambo hili nimelifikiria kwa uzito. Hakuna dau. Hakuna kombe. Ni mchezo wa kirafiki, hata pointi hazihesabiwi. Mzee hesabu zake anajumlisha kwa kichwa, mimi natumia kikokotoo, na hajawahi kuniita mwizi. Basi na hiki ni kikokotoo, ila cha farasi na askari. Nimeridhika.

Blandina hakuridhika. Kauliza kama si wizi, mbona nachezea nyuma ya ndoo. Nikamwambia huko ndiko kwenye kivuli.

Alhamisi, 11 Septemba

Ushindi wa sita. Pia ajali ndogo. Ili nisisahau hatua, huwa naituma kutoka simu ya Blandina kuja kwenye yangu. Leo "Farasi f6", yaani farasi aende mraba wa f6, imekwenda kwa Mama Brightness, mteja wetu mkubwa wa Mchikichini. Karudisha swali: hizo Farasi f6 ni za lita ngapi, na zina mifuniko? Blandina kamjibu zimeisha. Halafu kaninyang'anya simu mpaka saa nane mchana.

Muda wote huo Mzee alikuwa anasubiri. Nikamwandikia kuwa nafikiri. Kajibu kwamba siku hizi nafikiri vizuri.

Nilipommaliza kaandika maneno mawili tu, "Umeiva, Mangi." Nilitegemea atabisha. Nilitegemea atadai marudiano, atasingizia goti, atasema mtandao ulikata. Ushindi bila mtu wa kubisha ni kama ugali bila mboga. Nilirudia kuusoma ujumbe wake nikitafuta kicheko ndani yake, sikukiona.

Ijumaa, 12 Septemba

Hamdiya kaja dukani kabla ya swala ya Ijumaa. "Shikamoo Baba Nice," kaniita kwa jina la mwanangu. Nikadhani anataka beseni.

Hakutaka beseni. Kasema baba yake hayuko sawa. Tangu Jumanne anaamini ile dawa ya usingizi ya upasuaji imemharibu akili. Marehemu kaka yake mkubwa alianza hivihivi, vitu vidogovidogo, mpaka mwisho hakumjua mkewe wa ndoa. Sasa Mzee kila asubuhi anajipima. Anataja majina ya wajukuu wake tisa kwa sauti, kisha aina za udi, kisha anarudi tena kwa wajukuu kuhakikisha hawajapungua. Jana kamwambia Hamdiya kwamba mwisho wa mwezi duka lifungwe na funguo arudishiwe mwenye fremu anayempangisha. Kasema mtu anayefungwa na Mangi mara sita mfululizo hawezi kuachiwa duka.

Hapo nilikasirika kidogo. Halafu nikaona aibu kwa kukasirika.

Duka lile ndilo tegemeo la Hamdiya na wanawe wawili. Lakini hakuja kulia shida. Kaniomba kitu kimoja tu: nisiache kucheza na baba yake, maana ndiyo raha pekee aliyobakiwa nayo. Nilitaka kumpa beseni bure aondoke nalo. Mkono ulinyanyuka ukaishia njiani.

Mpango: kuanzia kesho hakuna kompyuta. Nitacheza kwa kichwa changu, nitafungwa kama kawaida, Mzee atapona, na hakuna atakayejua lolote. Ya nini kukiri, wakati kufungwa kunatosha?

Jumamosi, 13 Septemba

Balaa. Nimeshinda!

Bila kompyuta! Simu ilikuwa kwenye mkoba wa Blandina, na Blandina alikuwa kwenye kikao cha jumuiya. Nimecheza kwa kichwa hikihiki cha kuuzia ndoo. Mzee alikuwa anaogopa kila kete. Farasi wake kamtoa, kamrudisha, kamtoa tena, kamrudisha, kama mtu asiyekumbuka kama amefunga mlango. Mimi nikasogea taratibu. Kila nilipotegemea nichapwe, sikuchapwa. Mfalme wake kafia pembeni.

Siku hii nimeiota miaka kumi na moja. Nilishapanga hadi nitakachosema. Badala yake nilipindua ndoo nikaikalia, nikaitazama simu. Sikufurahi hata chembe.

Mzee kaandika "Alhamdulillah." Basi.

Jumapili, 14 Septemba

Misa nzima sikusikia neno. Blandina kasema niende Upanga nikakiri. Nikamwambia nitakwenda, ila nina mpango bora zaidi. Kasema, "Nenda Upanga." Nikamweleza mpango. Kasema tena niende Upanga.

Mpango ulikuwa huu: nimpe Mzee ushindi mkubwa, wa kurudisha moyo mahali pake. Tulianza saa nane mchana. Kwanza nilitaka kutoa askari mmoja. Nikaona askari mmoja haponyi mtu. Nikafumba macho, nikamsogeza malkia wangu mbele ya ngome ya Mzee. Hana kinga, hana sababu.

Dakika tano zikapita. Hakumla! Dakika kumi. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, na sauti ilikuwa ile ya zamani.

"Mangi. Miaka kumi na moja hujanipa hata askari mmoja. Nilipofiwa na mke wangu nilinunua kwako mabeseni ya msibani, ukalia na mimi, ukanishika mkono, na hukunipunguzia hata mia mbili. Leo unanipa malkia? Njoo Upanga. Njoo sasa hivi."

Jumatatu, 15 Septemba

Jana sikuwa na nguvu ya kuendelea kuandika. Haya.

Nilipanda bajaji. Mzee alikuwa amekaa kitandani, goti juu ya mto. Nikamwamkia. Kaitikia marahaba huku anatazama dirishani. Kauliza nimeanza lini kumhurumia, na kabla ya huruma kulikuwa na nini. Nikaanza na habari ya kikokotoo. Haikutosha. Ikabidi nimwage yote: programu, simu ya Blandina, rundo la ndoo, Mama Brightness. Kwenye Farasi f6 mdomo wake ulitikisika kidogo.

Nilipomaliza kashika kichwa chake kwa mikono miwili, kakipapasa kama mtu aliyeokota kofia yake iliyopotea. Kasema, "Kumbe kipo." Halafu akataja wajukuu, mmoja baada ya mwingine, haraka haraka, mpaka Anfal wa mwisho. Tisa. Hamdiya alikuwa amesimama mlangoni analia.

Nikaona yamekwisha. Na mimi nikiona yamekwisha huwa naongeza neno. Nikasema hata hivyo hakukuwa na dau, ulikuwa mchezo wa kirafiki tu.

Kasema ndicho kinachomuuma. Mchezo wa dau angekuwa macho, angejua mtu anaweza kufanya lolote. "Mimi nilikuwa sitafuti kushinda, Mangi. Wiki ya tatu hii nimelala humu naangalia feni. Kete ikisogea najua upo dukani, umeinama, unajikuna kisogo. Nilidhani tuko wawili. Kumbe wiki nzima niko peke yangu na mashine."

Nimeandika sentensi tatu za kumjibu hapa, nikazifuta.

Nilimwomba radhi, kanisamehe, tukanywa chai ya tangawizi. Duka halifungwi. Nikaapa mbele ya Hamdiya, kwa Mungu na kwa mama yangu mzazi, kompyuta basi.

Nimeshika kitasa cha mlango ndipo nikakumbuka. Nikageuka nikawaambia ule ushindi wa Jumamosi ulikuwa wangu. Wangu mwenyewe! Bila simu, bila ndoo! Mzee alicheka mpaka akashika goti. Hamdiya, aliyekuwa analia, naye akacheka. Mzee kasema, "Haya, na malkia ulimtoa kwa ukarimu wako wa kuzaliwa."

Jumatano, 17 Septemba

Nimefungwa mara nne, kihalali kabisa. Mzee karudia kelele zake. Leo kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita kunieleza nilipokosea, na nimeusikiliza wote. Kuna utamu wake, nakiri. Kete ikisogea namwona na mto wake chini ya goti.

Lakini ule wa Jumamosi!

Blandina alikubali kunitolea ushahidi. Kampigia Mzee, kamwambia simu ilikuwa kwenye mkoba wake, kikaoni. Mzee kamshukuru kwa kuwa mke mwema, kisha kasema Kariakoo haikosi simu za kuazima. Hamdiya kasimulia kwa muuza kahawa, na muuza kahawa hana siri. Leo wabeba mizigo wawili wameniita Mangi Mashine. Mmoja kaniuliza kama naweza kumpigia hesabu ya mkeka wake wa kubashiri mpira.

Ushindi mmoja tu wa kweli maishani, na huo ndio hakuna anayeuamini.

Ijumaa, 19 Septemba

Mara tisa tangu Jumatatu. Jambo hili nimelifikiria kwa uzito.

Njia pekee ya kumthibitishia Mzee kwamba Jumamosi nilitumia akili yangu ni kumfunga tena. Mara moja tu. Sasa, kwa akili yangu, kwa mwendo huu, itachukua miaka mingine kumi na moja, na yeye ana sabini na sita. Si haki mtu mzima aondoke duniani akiamini uongo juu ya jirani yake. Kiapo ni kiapo, sikatai. Lakini kiapo kilihusu udanganyifu, na hapa nia yangu ni kuweka ukweli wazi.

Tunacheza kesho saa nne. Safari hii programu ikiniambia nitoe kete yoyote, hata askari wa pembeni, sitoi, maana zawadi ndiyo iliyoniumbua.

Nimemwomba Blandina simu yake, dakika tano tu. Kauliza ya nini. Nikamwambia kuna ndoo mpya nataka kuzipiga picha. Za lita ishirini, nimezipanga upya leo mchana. Rundo limekuwa refu kidogo.