Daktari wa Ndama wa Kasha

Kalume hakuwahi kusomea ng'ombe, ila alikuwa na koti safi na ulimi laini, na katika Zaïre ile wengi walipata vyeo kwa sifa chache kuliko hizo. Siku alipopita Kasha, kijiji cha mlimani, alimkuta Maman Feza, mjane, amepiga magoti kando ya ndama anayeharisha. Kalume hakumtazama sana ndama. Alikitazama kiwele cha mama yake, na kilikuwa kimejaa.

"Maman, maziwa ndiyo inaua huyu mutoto," alisema kwa huzuni ya kitaalamu. "Iko na microbe, vidudu ya ugonjwa. Nitaibeba mimi mwenyewe mpaka laboratoire."

"Na yeye atakunywa nini, docteur?"

"Maji tu. Siyansi haina huruma."

Ndama yule ndiye aliyekuwa mahari ya mwanawe wa kiume, na Feza hakuwa na ndama mwingine. Feza akakamua kwa woga, akakabidhi, na tangu hapo daktari akawa anapita kila asubuhi. Laboratoire, yaani maabara yake, ilikuwa mkahawa wa Papa Almasi kule chini mjini, Kadutu, ambako microbe zilinywewa pamoja na maandazi na kusifiwa kwa utamu.

Ndama akadhoofu hata kusimama hawezi. Ndipo jirani akamwambia Feza kwamba amemwona daktari wake akimpimia Almasi maziwa kwa pesa. Woga ukamtoka, hasira ikamkaa. Alimfunga ndama mgongoni kwa kitenge, akashuka Kadutu, akaingia mkahawani na kusalimu kwa adabu.

"Docteur, ile microbe ya kuua ingali ndani ya maziwa?"

Wateja wakashusha vikombe.

"Microbe gani, citoyen?" Papa Almasi alimuuliza Kalume polepole, kama raia kwa raia.

Kalume alipiga hesabu. Akisema ipo, amewalisha watu sumu. Akisema haipo, ni mwizi. Aliona afadhali wizi.

"Hapana microbe," alinong'ona. "Maziwa iko muzuri."

"Basi mumurudishie mwenyewe," Feza alisema, akimfungua ndama mgongoni.

Almasi mwenyewe ndiye aliyeleta bakuli. Ndama alinyonya kidole cha Feza kilicholowa maziwa, kisha akanywa, na mama wa watu akalia kwa furaha mbele ya wote bila kuona haya.

"Mimi nimechoka," alisema akijifuta. "Docteur atamubeba."

Wateja, kwa mapenzi yao ya siyansi, wakampandisha ndama mabegani mwa Kalume na kumsindikiza. Ila tumbo la ndama lilikuwa bado halijapona. Kabla ya kufika Bagira, njiani kurudi Kasha, lilifunguka lote, na uharo ukashuka shingoni hadi kiunoni mwa daktari.

"Pole," Feza alisema nyuma yake. "Sasa docteur ameona ugonjwa yenyewe. Tembea tu, mulima ingali mbele."