Mdhamini wa Nanay Consorcia

Eufronio Balasabas hakuwa na ofisi, hakuwa na cheti, hakuwa na kiti cha kukalia wala mwajiri wa kumkemea. Mke hakuwa naye. Kwa maelezo yake, hakumpata aliyemfaa, na kwa maelezo ya majirani, wanawake wa mtaa ule walikuwa na masikio. Haya pia hakuwa nayo, ila hiyo hakuihesabu kuwa upungufu. Alichokuwa nacho ni mdomo, na kivuli cha mwavuli mkubwa ng'ambo ya ofisi ya leseni, mjini Iloilo.

Miaka kumi na tisa alikula kwa ubao wa kupimia macho. Ubao ule haukubadilika, naye Pronyo, kama walivyomwita, aliwauzia madereva wazee herufi zake kwa mpangilio, wakazikariri kama rozari. Mmoja alizisoma zote bila kosa akiwa ameuelekea mlango.

Ndipo vikaja viwango vipya vya afya. Ubao ukang'olewa, pakawekwa kioo ambacho herufi zake hubadilika kwa kila mtu. Aliyetimiza miaka sitini apimwe upya macho, masikio na moyo. Wazee wakaingiwa na baridi. Pronyo, ambaye alikuwa na hamsini na minane, akavaa shati jeupe na kumshukuru Mungu, maana hofu ya mzee ni shamba lisilongoja mvua.

Jumatatu, Consorcia Tupas, bibi wa miaka sabini na mmoja ambaye wote walimwita Nanay, yaani mama, aliegesha pikapu yake ya mayai akamjia. Alieleza kwa unyonge kwamba mwanawe anangoja tu leseni yake ife ili aiuze pikapu. Bila pikapu hakuna mayai sokoni, na bila mayai yeye ni mgeni jikoni kwa mkwe. Pronyo akamliwaza. Ipo barua ya msamaha wa kupimwa, alisema, na yuko daktari anayeitia sahihi bila kumgusa mtu, kwa peso elfu tatu.

"Barua ninayo, mwanangu," alisema Nanay. "Wamenichapia kwenye duka la fotokopi. Kinachokosekana ni mdhamini, dereva mwenye leseni hai. Hizo elfu tatu, badala ya kula daktari, si ule wewe?"

Leseni Pronyo alikuwa nayo. Asubuhi na jioni aliendesha pikipiki ya abiria yenye kigari ubavuni, na ndiyo iliyomlipia kodi ya chumba. Akawaza upesi. Hakuna daktari wa kubuni wala muhuri wa kuchonga. Alikuwa analipwa pesa ya wizi kwa kazi ya halali. Aliona aibu kidogo, ikapita.

Akaishika karatasi, akaisogeza mbali hadi mkono ukaisha, kisha akairudisha hadi puani. Miwani asingevaa hata kwa kiboko. Nani atanunua msamaha wa macho kwa mtu mwenye miwani?

"Kuna kasoro?"

"Hakuna, Nanay. Aya ya pili hasa imenigusa."

Barua ilikuwa na aya moja.

Akaandika jina na namba ya leseni pale Nanay alipomwonyesha kwa kidole, akatia sahihi yenye mikia mitatu.

"Hatujawahi kuonana sisi?" Nanay akauliza.

"Sura kama yako, Nanay, ningeisahau vipi?"

"Hata mimi yako sijaisahau."

Habari ya mwanawe ilikuwa kweli. Ya woga wake ndiyo ya kupika. Nanay alikuwa amepimwa tangu saa mbili asubuhi, akafaulu, na cheti kilikuwa mkobani. Barua nayo, wewe na mimi, ambao macho bado yanatutii, tuisome:

"Mimi, Eufronio Balasabas, nakiri kwamba Jumamosi, mchana kweupe, niliigonga pikapu ya Consorcia Tupas iliyokuwa imesimama, nikavunja trei kumi na nne za mayai, nikaendelea na safari nikipiga mluzi, kwa sababu sikuiona. Ingawa sijatimiza miaka sitini, naomba nipimwe kwa viwango vipya, na leseni yangu ishikiliwe hadi nitakapofaulu."

Nanay akalalamikia magoti. Kuvuka hadi dirisha la ofisi ya leseni ni mbali. Pronyo akasema kwa peso hamsini ataipeleka mwenyewe. Akaitia barua kwenye bahasha aliyopewa na Nanay, akailamba, akaibana kwa dole gumba, akavuka barabara huku magari yakimkwepa, akaipenyeza dirishani. Karani akaipokea. Pronyo akasisitiza apewe risiti.