Jinsi Nilivyomshinda Skip kwa Wimbo wa Bibi

Jumatatu, 8 Julai 1963

Baba ametoa hukumu wakati wa kifungua kinywa, mdomo umejaa zeituni. Jumamosi Ukumbi wa Marlin unashindanisha bendi. Itakayoshangiliwa zaidi itapiga pale kila wikendi kiangazi chote. Nikishinda, nibaki hapa Long Beach na kelele zangu. Nikishindwa, gitaa linauzwa na mimi napanda basi kwenda Toledo kwa Ami Milhem, kuuza soksi.

Toledo! Nimetazama ramani. Hakuna bahari. Kuna ziwa, na ziwa halijawahi kumfanya mtu anunue gitaa la umeme. Muziki wangu ni wa mawimbi. Nitampigia nani kule, samaki wa maji baridi?

Kikwazo ni kimoja: Skip Lundgren. Nywele za rangi ya mahindi, bendi yake nzima koti za buluu, spika kubwa kama jokofu. Tena anatunga mwenyewe. Bwana Hargis, mwenye ukumbi, ameweka sharti kwamba kila bendi ije na wimbo mpya, usiosikika redioni. Mimi Labib Saikali nina vidole vya dhahabu, nywele nzuri, bendi ya watu watatu. Wimbo sina.

Nitatunga kesho. Kutunga si kazi kubwa.

Jumanne, 9 Julai

Kutunga ni kazi kubwa mno.

Nimekwenda ufukweni asubuhi ili bahari inipe wimbo. Nikakaa. Nikasikiliza. Bahari inajua neno moja tu, shwaa. Jua limenichubua pua. Skip akapita na ubao wake wa mawimbi kichwani, akaniuliza kama nangoja basi. Jibu zuri sana limenijia saa mbili baadaye, hayupo.

Nimerudi nyumbani nimekata tamaa. Bibi yuko jikoni anaviringisha wali ndani ya majani ya mzabibu, huku anaimba chinichini wimbo wa kwao mlimani. Nimeusikia tangu utotoni wala sikuwahi kuusikiliza. Leo mwili wote ukasisimka! Nikakimbilia gitaa, nikaufuata, kisha nikaucharaza kwa kasi, vidole vikitetemeka juu ya uzi mmoja, mwangwi nimefungulia mpaka mwisho. Mama wee! Ulikuwa uleule, ila sasa umeketi juu ya wimbi na unakuja.

Bibi akaangusha jani. Akauliza ninamuwaza nani. Nikamwambia ninawaza ushindi. Akasema wimbo huu haupigwi ovyoovyo, kule kijijini Ain Zarura ulipigwa mbele ya mama wa… Nikamwambia Bibi, roho yangu, nyakati zimebadilika. Akaanza tena habari za akina mama. Nikaongeza sauti.

Wazee wanaogopa kila kitu.

Jumatano, 10 Julai

Mazoezi kwenye gereji ya kina Rudy, mpiga ngoma wetu. Vita mara moja. Kosta wa besi anadai wimbo ni wa Kigiriki, bibi yake huuimba mtu akipanda meli. Nikamwambia bibi yake ameuiba. Akaweka besi chini, akakunja mikono ya shati. Fundi viatu Mwarmenia wa jirani akaingia, sindano mkononi, kutuarifu kwamba sote ni wajinga na wimbo ni wa Kiarmenia tangu enzi za Nuhu. Rudy, Mmeksiko, akasema hata mjomba wake anao unaofanana. Rudy naye!

Nimewaambia mkataa kwao mtumwa, na kwao mwenye gitaa ni Lebanoni. Tukaendelea.

Katikati akapita Wadia Zraik, binti wa muoka mikate, kikapu cha mikate mkononi. Huyu ananicheka tangu shule ya Jumapili. Alisimama mlangoni hadi mwisho, kisha akasema ninaukimbiza wimbo kama niliyeuiba na polisi wako nyuma. Akatua kikapu, akachukua karai la kufulia la mama Rudy, akalipiga kwa ncha za vidole kama dumbaki, ile ngoma ndogo ya kwetu. Wimbo ukapata miguu. Hata Kosta akasahau ugomvi, akafuata mdundo.

Nilimwambia si mbaya. Ukweli ni kwamba nilisahau kupumua. Ana kishimo shavuni, upande wa kushoto.

Alhamisi, 11 Julai

Mkakati! Mshindi ni anayeshangiliwa zaidi. Hakuna karatasi wala majaji, ni masikio ya Hargis tu. Sasa, ni nani mwenye kelele kuliko watu wote katika parokia yetu? Mama Wadia! Kwenye ubatizo wa mjukuu wa shemasi alipiga vigelegele, mtoto akanyamaza na kasisi akaanza kulia.

Nimekwenda kwenye tanuri lao la mikate. Nikamwomba aje, akae kiti cha mbele kabisa, na Wadia kando yake, na awalete wanawake wote wa kanisani. Akauliza ni shughuli gani. Nikasema ni hafla ya kuchangia paa la kanisa. Akauliza mbona kasisi hakutangaza. Nikasema kasisi hajui, anafanyiwa mshangao. Mungu ataelewa, paa lenyewe kweli linavuja.

Nikamwomba pia kwamba nikimkaribia asizuie sauti yake. Akanitazama sana. Akauliza kama Bibi yangu anajua. Nikamwambia wimbo wenyewe nimeupata kwa Bibi! Akanipa mikate mitano ya zaatari, yale majani makavu ya kunukia, akanishika shavu, akaniita mwanangu. Wanawake wa kwetu ni wakarimu.

Ijumaa, 12 Julai

Skip anawapa mashabiki wake soda za bure. Ufisadi! Bora lawama kuliko fedheha: nimeingia ukumbini mchana, vyombo vya bendi zote viko nyuma ya jukwaa, nikachomoa waya wa gitaa lake na kuutupa baharini kutoka gatini. Ukazama vizuri. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi, 13 Julai

Ulikuwa waya wangu.

Kwenye giza la nyuma ya jukwaa spika nyeusi zote zinafanana! Toledo naiona mbele ya macho, soksi na yote. Tumebaki sisi tu. Skip amekwisha kupiga, kashangiliwa hadi taa zinayumba, na lazima niseme alipiga vizuri, mshenzi yule. Akaniona nikihangaika nyuma ya pazia. Akachomoa waya wake mwenyewe akanipa. Akasema ni mrefu, huwa anatembea nao ukumbini, nisijikwae. Nikamwambia asante, nikiwa sina pa kuutia uso.

Nikapanda. Mbele kabisa safu nzima ya akina mama wa parokia, Bibi kati yao, mikoba magotini. Nyuma yao vijana wa bahari, miguu peku, mchanga bado umewaganda. Nikaanza polepole, kama Bibi jikoni. Halafu nikauachia. Rudy akaingia, Kosta akaingia (kwa Kigiriki, lakini akaingia). Na kwa kuwa waya ulikuwa mrefu, nikashuka jukwaani nikicharaza, nikaenda mpaka kwenye kiti cha Mama Wadia, nikapiga goti, nikampigia pale pale mbele ya magoti yake.

Akasimama. Machozi yanamtiririka. Akamtazama Wadia, akamtazama Bibi yangu, akafunua kinywa.

Vigelegele! Sijawahi! Akina mama wote wakapokea, ukumbi mzima ukaruka. Wakashikana mikono wakaanza dabke, ngoma yetu ya mstari, wakawavuta vijana wa bahari kwenye mstari, na ikawa bibi mmoja, peku mmoja, bibi mmoja, peku mmoja, sakafu inanguruma. Hargis alipanda juu ya kiti akapiga kelele kwamba tumeshinda. Skip alikuwa katikati ya mstari, ameshikwa na mke wa shemasi, anarusha miguu kinyume.

Sitaki kuficha: nililia.

Baadaye Mama Wadia akanikumbatia na kunipongeza kwa posa nzuri kupita zote. Posa gani? Bibi akanieleza kwa furaha yale aliyokuwa akijaribu kunieleza tangu Jumanne. Kwao mlimani wimbo huu hupigwa na muoaji mbele ya mama wa msichana. Mama akinyamaza, muoaji anarudi kwao. Mama akipiga vigelegele, amekubali.

Nimeposa. Mbele ya watu wote. Kwa gitaa la umeme.

Wadia akanijia. Nilitegemea kofi. Akaniita punguani, akasema hata yeye hakuujua wimbo huo maana kazaliwa hapahapa, lakini angalau angeulizwa kwanza. Kisha akasema mlio wa leo ulikuwa mzuri sana.

Jumapili, 14 Julai

Baba ana furaha ya kutisha. Gitaa haliuzwi. Toledo imefutwa, Ami Milhem amepigiwa simu. Baada ya ibada tukaenda nyumbani kwa kina Zraik, Baba, Bibi na mimi, koti limenibana, kukamilisha jambo kwa heshima.

Wadia akanivuta ukumbi wa nyuma. Akanong'ona kwamba njia ipo. Kwa desturi, kahawa ikiletwa, watu wa upande wa muoaji hawainywi. Vikombe vinakaa mpaka wazee waseme neno la mwisho. Kahawa isiponywewa, bado hakuna kilichofungwa, wazee wanaweza kuomba muda na hakuna atakayeaibika. Akasema, usiiguse tu, Labib, kazi ndogo hiyo. Nikamwambia aniachie mimi.

Tukakaa. Kahawa ikaja. Baba hakugusa. Bibi hakugusa. Mimi nikakaa kama sanamu, mwanamume wa kutegemewa. Kisha wakapitisha visheti vya njugu na asali. Visheti havikatazwi! Nikatia kimoja mdomoni chote. Kikanikwama kooni. Nikakohoa. Macho yakanitoka. Mkono ukapapasa mezani, ukapata kikombe, nikagugumia kahawa yote hadi machicha.

Kisha Baba Wadia akasimama, akafungua mikono mipana kama mlango wa tanuri, akanibusu mashavu yote mawili. Akasema kijana ana haraka, lakini anajua anachotaka. Mama Wadia akapiga vigelegele, majirani wakafungua madirisha.

Wadia alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Aliponikuta nje akasema maji yakimwagika hayazoleki, na kahawa vivyo hivyo. Ila ana masharti. Yeye ndiye atapiga dumbaki kwenye bendi, juu ya jukwaa, si nyuma ya pazia. Na harusi itakuwa siku atakayosema yeye, si kabla. Nikauliza siku hiyo ni lini. Akasema inategemea kama nitajifunza kuuliza mambo mapema.

Nikakubali yote. Nampenda. Nadhani nampenda tangu karai. Nilikuwa sijapata nafasi ya kuliandika.

Jumatano, 17 Julai

Maisha ni matamu. Nimerejesha waya kwa Skip na mkate juu yake. Ameniuliza dabke huanza na mguu gani. Hargis ameweka jina letu mlangoni kwa herufi kubwa, lakini anataka wimbo mpya Jumamosi hii, la sivyo watu watachoka.

Sina wasiwasi. Nimejifunza kwamba hazina yote iko kwa Bibi. Leo nimempata akiwasha mshumaa mbele ya picha ya marehemu Babu, akiimba wimbo mwingine. Polepole, mtamu, unakamua moyo. Nimeushika wote nikiwa mlangoni. Kwa kasi na mwangwi utaua!

Tena umekuja wakati mzuri, kwani Jumamosi ni sikukuu ya kuzaliwa ya Baba Wadia. Nitamweka kiti cha katikati, wazee wote wamzunguke, nishuke na waya, nimpigie usoni mwake kwa heshima. Wadia nitamfundisha mapigo, ila sitamwambia tunampigia nani.

Nimemweleza Bibi ili atunze siri. Ameniuliza kama Baba Wadia anaumwa. Nikamjibu hapana Bibi, mzima kabisa. Akajipiga ishara ya msalaba, akaanza kunieleza jambo. Nikaongeza sauti.