Hotuba ya Kuzindua Programu ya Maadili ya Mbwa wa Mama Eustakia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, ambaye ametuma udhuru, mheshimiwa makamu wake, ambaye naye ametuma udhuru, waheshimiwa wajumbe wa serikali ya kijiji mliofika wawili, katekista wetu mpendwa, wageni wetu mashuhuri mliotoka Biharamulo kwa pikipiki nne na vumbi lote hilo mwilini, Mama Eustakia, mwenye uwanja huu, wazee wangu, shikamooni (Marahaba), vijana wangu, habari zenu, na mbwa, ambao itifaki inanitaka niwatambue ingawa hawajasimama: Popi, Subira na Usijali (Usijali anainua kichwa. Mheshimiwa anahamia nyuma ya meza), itifaki imezingatiwa.

Mgambo wetu Kwizera, nakuona hapo kwenye migomba na gobore lako. Endelea kusubiri, ila geuza mdomo wake chini, wageni wasije wakatuelewa vibaya.

Ndugu wananchi, mimi Sostenes Manirakiza, Mratibu Msaidizi wa Masuala Mtambuka, nasimama mbele yenu kifua mbele kuzindua rasmi Programu Jumuishi ya Maadili ya Mbwa wa Kaya, kwa kifupi PROJUMAMBWAKA (Makofi ya watu wawili), ambayo ni pailoti ya kwanza katika ukanda wote huu kutoka Keza mpaka Nyakisasa, na ambayo dira yake ni kuona kwamba kaya yenye mbwa zaidi ya mmoja, ambapo mmoja wao ana changamoto ya kitabia ya kuwang'ata wenzake, inafikia utulivu endelevu kwa kuwashirikisha mastekiholda wote, wa miguu miwili na wa miguu minne.

Takwimu ninazo kichwani. Kabla ya programu, katika uwanja huu huu, ugomvi ulikuwa mara tatu kwa siku, sikio la kushoto la Popi lilikuwa limepungua kwa asilimia arobaini, na Subira alikuwa amehamia chini ya kihenge, hatoki hata kwa harufu ya dagaa. Leo ugomvi ni sifuri. Mbwa watatu, kila mmoja amefaulu kwa asilimia mia, jumla yake ni asilimia mia tatu, kiwango ambacho hata shule zetu hazijawahi kukifikia (Makofi. Katekista anakuna kichwa).

Sitaficha kwamba awamu ya kwanza ilikuwa na changamoto za hapa na pale. Nilipopita hapa baada ya Pasaka nilimkuta Mama Eustakia anawalisha mbwa wake mmoja huku, mwingine kule, nikauona huo ni ubaguzi. Sisi sote hapa tumekulia kwenye sinia moja, watoto saba na mgeni juu, na ndiko tulikojifunzia kupendana, sasa mbwa wana nini cha kuwazidi watoto? Kwa hiyo nilitoa agizo la papo kwa papo kwamba ugali wao wote umwagwe kwenye beseni moja ili kujenga mshikamano. Mama Eustakia alinionya, mara mbili. Nikamwambia suala hili ni la kitaalamu. Beseni likawekwa, na Usijali akatoa fidibeki yake kwenye sikio la Popi, kisha akaja kutoa nyingine kwenye mguu wangu wa kulia, ambao wakati huo ulikuwa kazini (Kicheko kirefu). Msicheke, ndugu zangu, niliumia.

Ofisi, kwa maana ya mimi, ikaandika barua ya hatua stahiki, yenye makataa ya miezi mitatu, ambayo yaliyomo si ya kusomwa mbele ya wageni.

Hapo ndipo programu ilipoingia awamu ya pili, ambayo Mama Eustakia aliisimamia kwa niaba yangu bila mimi kuwa na taarifa. Kila mbwa akapewa sahani yake na kona yake, Usijali nyuma ya jiko, amefungwa kamba, asiwaone wenzake wakila. Kila mmoja akafundishwa peke yake kwanza: akiitwa jina akaja, kichwa cha dagaa, asiyeitwa akitulia mahali pake, naye kichwa cha dagaa. Halafu mama akamshika Usijali, binti yake Aline akamshika Subira, wakawa wanatembea njia ya kwenda shambani, mmoja kushoto mwingine kulia, kwanza mbali kiasi cha kuitana kwa sauti, na kila wiki wakisogea hatua chache. Akinguruma hapigwi, anarudishwa nyuma tu, maana mbwa anayechapwa kwa kunguruma ataacha kunguruma, ila kung'ata hataacha. Hilo nalithibitisha kitaalamu, kwa sababu siku ile nilimchapa fimbo aliponguruma. Miezi mitatu, ndugu wananchi. Na asubuhi hii nimeingia uwanjani nikamkuta Popi amelala, kichwa chake kiko juu ya mgongo wa Usijali, na nakiri kwamba mimi kama kiongozi nilisimama pale langoni nikaangalia kwa muda.

(Mama Eustakia ananyoosha mkono.) Mama, maswali ni baada ya hotuba. Haya, kwa kuwa uwanja ni wako.

(Mama Eustakia anasimama, karatasi mkononi. "Mheshimiwa, asante kwa kumsifu Usijali. Huyu mbwa niliachiwa na mume wangu, marehemu Ndikuriyo, na ndiye anayelinda mahindi yangu na nyani. Sasa hii barua yako inasema leo apigwe risasi. Wageni wakirudi Biharamulo waseme mradi umemfanya nini?" Mgambo Kwizera anaangalia viatu vyake.)

Swali zuri. Swali zuri sana. Ndugu wananchi, barua ile ilikuwa rasimu. Ilikuwa na muhuri, ndiyo, lakini ilikuwa rasimu, na kwa mamlaka niliyonayo naifuta mbele yenu, nipe hapa, Mama (Barua inachanwa. Vigelegele). Kwizera, washa pikipiki, uende nyumbani, na hilo gobore lifunike. Mnufaika nambari moja wa programu hapigwi risasi siku ya uzinduzi, wala siku nyingine yoyote, na hili nalisema kwa moyo wangu, si kwa itifaki.

Nikisema sahani moja, mseme mbwa mmoja. Sahani moja! (Mbwa mmoja.) Akinguruma! (Asipigwe.) Beseni moja! (Mtu anasema: hilo ni lako, mheshimiwa.)

Kwa kumalizia, shukrani. Nawashukuru wafadhili, ambao tukiwapata tutawatambulisha. Namshukuru Bi Clotilda, kiongozi wa wageni, aliyeniuliza kituo cha mafunzo kiko wapi na daftari la mradi liko wapi: kituo ni nyuma ya jiko pale, na daftari ni hilo lako, Bi Clotilda, ambamo umeandika kila kitu tangu jana, Mama Eustakia alipokualika. Na zaidi ya wote namshukuru Mama Eustakia, ambaye mimi nilipofika saa tatu asubuhi na mgambo kuja kumuua mbwa wake, nikakuta uwanja umejaa wageni, alinivutia kiti, akanipa uji, akawaambia huyu ndiye kiongozi wetu, atawaeleza, na kwa muda wote wa kunywa ule uji akaniachia nafasi ya kuubuni mradi huu.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mama, naomba unishikie Usijali nipite.