Rufaa ya Boksi Lisilobonyea

Mteja mmoja mwenye mwili wake aliingia kwa fundi cherehani, akakosa kiti, akakalia boksi la vitambaa. Boksi halikubonyea. Mume wa fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee wa Mipango kwa kuwa kazi nyingine hakuwa nayo, aliacha kupiga miayo.

"Mke wangu, hili umelifanyaje?"

"Nimetia kitambaa kigumu cha kola katikati ya karatasi, nimekikata mshazari. Kwani vipi?"

"Hamna kitu."

Kumbe kilikuwepo. Upesi akaomba hataza ya boksi lile, yaani haki ya mgunduzi peke yake kulitengeneza au kuliuza, kwa jina lake, na tajiri mwenye kiwanda cha maboksi, mtu wa tamaa kuliko yeye, akaahidi kuinunua. Mzee wa Mipango alishajiona analala hadi adhuhuri maisha yake yote. Ofisi ya hataza ikamkatalia: jambo lenyewe ni dhahiri, fundi yeyote wa maboksi angeligundua.

Alirudi nyumbani amenywea, akamweleza mkewe kila kitu. Mke hakukasirika, jambo ambalo lingemshtua mume mwenye akili.

"Kata rufaa, baba. Waambie wewe ni fundi wa maboksi wa siku nyingi. Kisha uape kwamba fundi wa maboksi, hata akune kichwa vipi, hawezi kufikiria kitu kile."

Mzee wa Mipango akamsifu, akajisifu zaidi kwa kuoa vizuri.

Siku ya rufaa alikula kiapo, akamwaga maneno. "Waheshimiwa, sisi mafundi wa maboksi tunajua gundi na karatasi, basi. Boksi likibonyea, tunaongeza karatasi. Mambo ya kukata kitambaa mshazari hayawezi kutujia, hata mtufungie humu na chakula mtuletee."

Machozi yalimlengalenga. Alikuwa ameanza kuuamini uongo wake mwenyewe, na huo ndio ugonjwa unaowamaliza matapeli wengi.

"Umetushawishi," alisema mwenyekiti wa jopo. "Fundi wa maboksi hawezi kuligundua. Na wewe ni nani vile?"

"Fundi wa maboksi, mheshimiwa."

"Sasa aliligundua nani?"

Mzee wa Mipango akaanza kukusanya karatasi zake.

"Mimi, mheshimiwa," alisema fundi cherehani kutoka viti vya nyuma. Alikuwa na boksi lake, na yule mteja mnene kama shahidi. "Huyo ni mume wangu. Maombi yangu nimeyaleta asubuhi."

Nje, mwenye kiwanda alimpita Mzee wa Mipango kama anapita nguzo ya umeme, akaenda kumfungulia fundi cherehani mlango wa gari. Walielewana haraka bei ya boksi. Mke aliweka sharti moja tu, mumewe aajiriwe kiwandani.

"Kazi gani, mke wangu?" aliuliza Mzee wa Mipango kwa sauti ndogo.

"Kukunja maboksi. Unaanza kesho alfajiri."

"Lakini mimi maboksi siyajui."

"Shii, baba. Umeapa mbele ya jopo zima kwamba unayajua, na kuapa uongo ni jela."