Vishale vya Mkwe Vilivyofungiwa Kabatini

Kwa Wazee wa Baraza la Kanisa la Betheli, Nchelenge,
kupitia kwa Ndugu Katibu, Mzee Taonga.

Kuhusu: vishale vitatu vilivyotolewa mfukoni mwangu

Wazee wenzangu wapendwa,

Amani ikae katika nyumba zenu, na samaki wakae katika nyavu zenu. Barua yenu ya Jumatatu nimeipokea. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nikiwa nimeketi, na mara ya tatu baada ya kuomba. Mara zote tatu ilisema jambo lile lile: kwamba mimi, Constantin Nkulu, nimesimamishwa kusoma masomo ya Jumapili kwa kuwa nimeonekana Jumamosi tatu mfululizo katika baa iliyo juu ya bandari, na kwa kuwa vishale vya mchezo wa kulenga ubao vilidondoka kutoka katika koti langu wakati wa maombi. Vishale hivyo mmevifungia kabatini pamoja na vikombe vya meza ya Bwana.

Siwaandikii ili kujitetea. Nawaandikia ili kulalamika, na nitapanga malalamiko yangu kwa namba, kama tulivyofundishwa na mapadri shuleni, ili asiwepo atakayesema hakuelewa.

1. Nalalamika kwanza kwamba hamkuniuliza vishale ni vya nani. Mngeuliza, ningewajibu kwamba ni vya mkwe wangu Patson, mume wa binti yangu Princesse, mvuvi wa kisiwa cha Chisenga. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, nitamwingiza nyumbani mwangu, kwa desturi ambayo ninyi wenyeji wa hapa mnaiita ukwingisha shifyala, na ambayo sisi tuliotoka Kongo tunaiheshimu kuliko ninyi wenyewe. Kwa miaka sita ya ndoa yao Patson hajala chini ya paa langu. Akija, hupiga magoti nje ya ua, hutazama mchanga, nami hutazama mchanga wangu upande wa pili, tunasalimiana, anaondoka. Hata siku ya harusi niliitazama sakafu ya kanisa hili tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Baba mkwe aliyelelewa vizuri hamkodolei macho mkwe wake kabla ya kumwingiza. Siku ya kumwingiza hupewa chakula, hupewa zawadi mkononi, na tangu hapo ni mtoto wa nyumba.

Mtasema: mpe blanketi, au mpe jogoo. Wazee wangu, kumbukeni mwaka 2017, tulipokuwa tukivuka ziwa Mweru na watoto kutoka Kongo, kabla ya kufikishwa kambi ya wakimbizi ya Kenani. Karibu na Puta mtumbwi uliinama, na sanduku langu la vitabu vya nyimbo likateleza majini. Mimi nilikuwa chini ya turubai, nimefumba macho, naomba. Mwenye mtumbwi akajitupa ziwani na nguo zake zote. Sanduku lilirudi. Lakini katika mfuko wa shati lake mlikuwa na vishale vitatu alivyoachiwa na marehemu baba yake, na hivyo havikurudi. Viko katika tope la Mweru hadi leo. Mwenye mtumbwi huyo ndiye Patson. Na vile vitabu ndivyo mnavyoimbia kila Jumapili, na kama kurasa zake zimevimba, sasa mnajua sababu. Kwa hiyo mliponinyang'anya vishale mlikuwa mmeshika mkono mmoja wimbo, na mkono wa pili kile kilichozama kwa ajili ya wimbo huo.

2. Nalalamika kwamba kuwapo kwangu baa kumeitwa anguko. Zawadi ya vishale haichaguliwi kama sabuni. Kuna vizito na vyepesi, vifupi na virefu, na kila mkono una vyake. Mtu wa kuulizwa ni mwenye mkono. Lakini mimi siruhusiwi kumuuliza Patson hata kama amekula, sembuse anavyoshika kishale! Wala sikuweza kumtuma Princesse, kwa kuwa siri ya zawadi ingefika Chisenga kabla ya mtumbwi wake. Ikabaki njia moja: kumtazama akicheza, tena kutokea mgongoni, ili heshima isivunjike.

Nilikaa pembeni, nimegeukia ukuta, nikimtazama kupitia kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Nilimtambua kwa kofia ya sufu ya manjano ambayo Princesse aliifuma kwa mikono yake. Hakuna ya pili kando ya ziwa lote. Jumamosi tatu nilijifunza mkono ule. Hushika kishale karibu na mkia. Hurusha kwa bega zima, kama mtu anayetupa nanga. Nami nikasema moyoni: huyu anahitaji vizito. Ninyi mnamtazama mkwe usoni na hamjui lolote juu yake. Mimi kwa mgongo tu nimemjua kuliko mama aliyemzaa.

Kinywaji changu kilikuwa Fanta. Hilo linanileta kwenye lalamiko chungu zaidi.

3. Nalalamika kwamba mlinitumia mpelelezi. Msikane. Kila Jumamosi, kabla sijakaa hata dakika kumi, alikuja mtu mzima wa miaka thelathini hivi, akakaa kwenye benchi langu, umbali wa mkono mmoja. Hakunywa pombe, hakucheza, hakunisemesha. Macho yake yalikuwa chini muda wote, kama afanyavyo mtu mwenye dhambi ya kumripoti mwenzake. Aliniwekea Fanta bila kuombwa, akaigusa chupa kwa mikono miwili, akarudi kutazama sakafu. Siku moja walevi walianza kunitania, "Ba pastor, leo mahubiri ni hapa?" Yeye akasimama tu, wakanyamaza. Nilipoondoka saa kumi alinifuata nyuma, mbali kidogo, hadi nilipofika barabarani, kisha akageuka kuelekea bandarini. Kama baraza lina pesa ya kununua Fanta kwa ajili ya upelelezi, basi paa la jikoni la akina mama lingeezekwa kwanza. Namtaka mtu huyo aondolewe katika kazi hiyo na aletwe mbele yangu aombe radhi.

4. Nalalamika kwamba katika barua yenu mmeviita "vitu vya ovyo". Hapo mmenigusa penyewe. Dany, mwenye kibanda pale soko la Kashikishi, alinitolea kwanza vya shaba, vinene kama kidole gumba, akasema mwenyewe kwa uaminifu: "Papa mukubwa, hizi ni za batoto ya kujifunza. Mutu mwenye anajua kutupa, umupatie hizi nyembamba." Vile vyembamba ni vya tungsteni, chuma ambacho huchukua nafasi ndogo na bado kina uzito mkubwa. Sababu ya wembamba ni hii: vishale vitatu vikitakiwa kuingia mahali pamoja pasipo na nafasi, vinene husukumana, vyembamba huketi kama ndugu wanaopendana. Niliupenda ufafanuzi huo, na ningeuhubiri kama msingenisimamisha.

Sikuridhika na maneno ya muuzaji. Nilivipeleka kwa Mama Olipa, muuza samaki, nivipime kwa mizani yake ya chisense, dagaa wa ziwa letu. Nikaweka vyote vitatu. Mshale wa mizani haukusogea, utadhani nimeweka maombi. Mama Olipa akacheka mpaka akashika kiuno: "Ba Nkulu, mizani yangu inapima samaki, haipimi misumari!" Basi nikavisawazisha kimoja kimoja juu ya ukingo wa rula, na vyote vitatu vilisimama kwenye alama ile ile. Nikazijaribu ncha juu ya ukucha, nikakaza mabawa, nikavirudisha kwa Dany mara mbili kwa sababu ya bawa moja lililoinama. Ili nijue kama vimenyooka ilinibidi kuvibiringisha juu ya kitu tambarare kabisa, na katika Nchelenge nzima nilichokipata ni kimoja tu: sinia ya meza ya Bwana. Naungama kwamba niliitumia, Jumanne, dakika tano, nikaiosha. Vilibiringika bila kutikisika. Nawajulisha pia kwamba sinia yenu imenyooka.

5. Nalalamika juu ya kiatu cha Mzee Chomba. Imeandikwa kwamba kishale "kilimshambulia mwenyekiti". Kilidondoka nilipopiga magoti. Kikaingia kiatuni kati ya kidole cha kwanza na cha pili, bila kugusa nyama. Mzee Chomba alipiga kelele "Mayo!" kwa sauti ambayo hajaitoa hata Pasaka. Lakini tafakarini, wazee. Kishale kibovu huanguka kwa ubavu. Kile kilianguka kutoka kwenye koti la mzee anayeomba, kikageuka chenyewe hewani, kikasimama wima, na mabawa yake hayakutikisika wakati mwenyekiti anaruka. Sijaona ushuhuda bora wa bidhaa, na ulitolewa mbele ya kusanyiko zima.

Kutokana na hayo naomba: vishale virudishwe kabla ya Jumamosi saa nne, kwa maana nikimwingiza Patson mikono mitupu nitakuwa nimemwambia kwamba sanduku la nyimbo lilikuwa jepesi. Naomba nirudishiwe masomo yangu. Naomba kila mzee wa baraza, kabla ya kuhukumu tena ubora wa kitu, akirushe yeye mwenyewe mara tatu mbele ya mashahidi. Na kwa kuwa hakuna baa itakayofaa kwa zoezi hilo, naomba ubao wa vishale utundikwe katika ukumbi wa kanisa, ukutani upande wa wazee, mahali ambapo Mzee Taonga hulalia wakati wa mahubiri. Naamini hatalala tena.

Mimi mwenyewe sitacheza. Kazi yangu ilikuwa kuchagua.

Nisalimieni kwaya yote, na Mama Olipa, na mizani yake, na watoto wa shule ya Jumapili, na mguu wa Mzee Chomba. Msisahau kuwasalimu wagonjwa.

Ni mimi, ambaye bado napiga pasi koti langu kila Jumapili ingawa siitwi mbele,

Constantin Nkulu

N.B. Barua hii nilikuwa nimekwisha kuifunga. Princesse amefika kutoka Chisenga kusaidia maandalizi, nikampa ailete kwa Mzee Taonga. Akaomba aisome kwanza aone kama nimeweka alama vizuri. Alipofika namba ya pili alikaa chini. Alipofika namba ya tatu alilia na kucheka pamoja, akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Papa, ule wa kofia ya manjano ni Webby, mushona nyavu! Patson alimupatia kofia wakati ya baridi. Patson ni ule mwenye alikuwa anakuletea Fanta."

Nimemuuliza kwa nini mumewe alikuja. Anasema habari ilifika kisiwani kwamba baba mkwe anaulizia njia ya kwenda baa, na Patson akavuka ziwa Jumamosi tatu ili asiwepo mtu wa kunicheka. Hachezi, tangu vile vya baba yake vizame hajagusa kishale. Mkono wake, Princesse anasema, ni mwepesi.

Kwa hiyo, wazee: ondoeni lalamiko la tatu. Ondoeni na la pili, kwa kuwa nilichokijua vizuri ni mgongo wa Webby. Vishale vyangu ni vizito mno kwa Patson, na Dany hapokei tena kitu kilichokwisha kuingia kiatuni. Nimekubali nisisome masomo hadi mtakapoona inafaa.

Lakini vishale nileteeni. Ni vibaya kwake, atalazimika kujifunza upya, na Princesse anasema hana wa kujifunza naye. Bahati yangu ni kwamba nami sijui. Ule ubao tundikeni upande wowote, tutakuwa wawili. Ila Jumamosi msinihimize kukabidhi zawadi haraka. Nitataka kwanza nimwangalie usoni.